Kwa nini yai la Pasaka limedumu kuliko lugha: Waukraini wa Kanada

Katika nyumba nyingi za Wakanada wenye asili ya Ukraini, kuna maneno mawili yanayobaki hata baada ya mengine yote kwisha: baba na gido. Msomaji wa Kiswahili asighilibike hapo. Baba wa Kiukraini ni bibi, mzaa baba au mzaa mama, na gido ni babu. Kwa Kiukraini sanifu babu ni dido, ila wahamiaji wa mwanzo walitoka Galicia, eneo ambalo sehemu yake leo ni magharibi ya Ukraini, ambako d ikifuatwa na i hulainika hadi ikasikika kama g, na matamshi hayo wakavuka nayo bahari. Kijana wa Winnipeg anaweza kumwita bibi yake baba kila siku, akala pyrohy kila Krismasi, akaruka ngoma ya hopak jukwaani akapigiwa makofi, na bado asiweze kuomba maji ya kunywa kwa lugha ya huyo bibi.

Sensa ya Kanada ya 2016 inaonyesha jambo hilo kwa hesabu. Watu wapatao milioni 1.36 walijitaja kuwa na asili ya Ukraini, lakini waliosema Kiukraini ndiyo lugha yao ya kwanza walikuwa kama 100,000 tu. Na hii ni jamii yenye makanisa, kumbi, vikundi vya ngoma, vyama vya akiba na mikopo, na shule zake za Jumamosi. Mila zimeshamiri, lugha imenywea. Anayetaka kuelewa sababu inabidi atenganishe vitu viwili ambavyo watu huvifunga pamoja: mila inaweza kuishi kwa kufanywa mara moja kwa mwaka, lugha haiwezi.

Kilichoilinda lugha mwanzoni

Historia ya jamii hii huhesabiwa kuanzia 1891, walipofika Ivan Pylypiw na Wasyl Eleniak kutoka kijiji cha Nebyliv, Galicia, wakati huo chini ya dola ya Austria-Hungaria. Kanada ilikuwa inatafuta wakulima wa kujaza nyanda zake za magharibi: ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti la kuishi hapo, kujenga na kulima. Hadi vita vilipoanza 1914 walikuwa wameingia Waukraini kama 170,000, wengi wao kutoka Galicia na Bukovyna.

Hawakutawanyika. Ndugu alichukua shamba karibu na ndugu, kijiji kikahamia karibu na kijiji, mpaka mashariki ya Edmonton kule Alberta, maeneo ya Dauphin kule Manitoba na Yorkton kule Saskatchewan yakawa na maeneo mapana ambayo jirani, padri, mhunzi na muuza duka wote walisema Kiukraini. Hapo ndipo siri ya kizazi cha kwanza na cha pili ilipokuwa. Hatuna sababu ya kudhani kwamba wazee wale waliipenda lugha yao kuliko wajukuu zao wanavyoipenda. Mtoto alijifunza Kiukraini kwa sababu bila hicho asingeweza kutumwa chumvi.

Shule nazo zilisaidia kwa muda. Makubaliano ya 1897 kule Manitoba yaliruhusu ufundishaji wa lugha mbili mahali popote wanafunzi 10 walipokuwa na lugha ya nyumbani isiyo Kiingereza. Yalikusudiwa hasa Wafaransa, lakini Waukraini walilitumia dirisha hilo ipasavyo. Alberta ilianza kuwaondoa walimu wao 1913, na 1916 Manitoba ikafuta mfumo wote. Katikati ya hayo vita vikaleta jambo baya zaidi. Kwa kuwa hati zao zilisema Austria, Waukraini walihesabiwa kuwa raia wa adui. Kati ya 1914 na 1920 watu 8,579 waliwekwa kambini, wengi wao Waukraini, na wengine kama 80,000 waliandikishwa, wakatakiwa kuripoti polisi mara kwa mara.

Mzazi aliyepitia hayo hakuhitaji kuambiwa anong'one anapokuwa mjini. Lugha ikahamia mahali ambapo serikali haikuwa na mkono: kanisani, kwenye narodnyi dim (nyumba ya umma ya kijiji, yenye jukwaa, maktaba ndogo na jiko), na kwenye mabweni ya wanafunzi waliotoka mashambani, kama Taasisi ya Petro Mohyla iliyofunguliwa Saskatoon mwaka 1916. Kisha zikaja barabara, trekta na kazi za mjini. Vijana wakahama, na vile vijiji vilivyoizingira lugha vikabaki na wazee.

Inavyopotea ndani ya nyumba moja

Watu husema lugha ya wahamiaji hufa kwa vizazi vitatu. Usemi huo ni kweli kwa jumla lakini hauelezi kitu. Kinachotokea hasa ni hiki.

Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumba ikiwa na Kiukraini kitupu. Anaanza chekechea na miezi michache baadaye anarudi na Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya michezo na marafiki. Akizaliwa mdogo wake, anamkuta kaka anayezungumza naye Kiingereza. Wazazi wanaendelea na Kiukraini, watoto wanajibu kwa Kiingereza, na kwa kuwa kila mtu anaelewana, hakuna anayeona hasara. Mtoto wa tatu anasikia Kiukraini kwa watu wazima peke yao, tena mara nyingi kwa amri: njoo, kula, lala, acha. Msamiati wake unabaki wa jikoni na wa kukaripiwa. Wazazi Waswahili wa Minneapolis au London wataitambua njia hii bila kuelekezwa.

Pili, sarufi hulegea kabla ya msamiati. Nomino ya Kiukraini hubadilisha mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi, na miishio hiyo iko katika hali saba. Kitabu ni knyha, lakini "nasoma kitabu" ni chytaiu knyhu, na "ndani ya kitabu" ni u knyzi. Mtoto aliyekulia Edmonton husema chytaiu knyha. Anaeleweka, ila sikio la mzawa linashtuka kama letu linavyoshtuka mtu akisema "kitabu wangu". Vitenzi navyo huja viwili viwili: pysaty ni kuwa katika kuandika, napysaty ni kuandika hadi ukamaliza. Tofauti hiyo haifundishiki vizuri kwa jedwali, inataka kusikiwa maelfu ya mara katika mazungumzo, na hapo ndipo mtoto wa saa mbili za Jumamosi hukwama.

Jambo la tatu ni aibu, na nadhani ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Wahamiaji wa mwanzo walikuwa wamekwisha kuunda Kiukraini chao: gari likawa kara, lori likawa trok, duka likawa shtor. Baada ya Vita Vikuu vya Pili wakaja wakimbizi kama 35,000, wengi wasomi na watu wa mijini, wakacheka. Duka ni kramnytsia, walisema, lori ni vantazhivka. Baada ya uhuru wa Ukraini mwaka 1991 wakaja wengine waliosema mahazyn. Kila wimbi lililisahihisha lililolitangulia, na bibi wa shambani ambaye ndiye pekee aliyekuwa akizungumza lugha hiyo na wajukuu, akaanza kuona afadhali Kiingereza kibovu kuliko Kiukraini cha kuchekwa. Ni dhoruba ile ile anayoijua mtu wa Bukavu akikosolewa na mtu wa Dar.

Hata chakula maarufu kimeingia kwenye ugomvi huu. Unga mwembamba uliokunjwa na viazi ndani, kama sambusa ya nusu mwezi iliyochemshwa badala ya kukaangwa, Wakanada huuita pyrohy kama wazee wa Galicia. Ukraini ya leo huuita varenyky, na pyrohy kwao ni mikate ya kuoka yenye kujazwa. Mwalimu mwenye busara hufundisha majina yote mawili na kusema lipi ni la wapi. Anayefuta la bibi ubaoni anafuta na mazungumzo ya nyumbani.

Katika mambo mengine wahamiaji ndio waliohifadhi. Herufi ґ, inayotamkwa g kamili tofauti na г ambayo ni h nzito, iliondolewa kwenye alfabeti na utawala wa Kisovieti mwaka 1933, ikarudishwa 1990. Miaka yote hiyo vitabu vya shule vya ughaibuni viliendelea kuichapa.

Shule ya nusu kwa nusu

Mwaka 1971 mambo mawili yalitokea. Serikali ya Pierre Trudeau ilitangaza sera ya tamaduni nyingi, ambayo wanasiasa wenye asili ya Ukraini, akiwemo Seneta Paul Yuzyk, walikuwa wakiidai tangu miaka ya 1960. Na Alberta ilibadilisha sheria yake ya elimu ili lugha nyingine zaidi ya Kiingereza na Kifaransa ziruhusiwe kufundishia. Kufikia 1974 Edmonton ilikuwa na mpango wa Kiingereza na Kiukraini katika shule za serikali. Manitoba ikafuata 1979.

Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza: nusu ya siku Kiingereza, nusu Kiukraini. Hisabati, sayansi na Kiingereza chenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Maarifa ya jamii, sanaa, muziki, michezo na somo la lugha hufundishwa kwa Kiukraini. Mgawanyo huu una akili yake. Wazazi huogopa mtoto kuachwa nyuma kwenye hisabati, na masomo ya mikono na miili humpa mtoto mambo ya kufanya huku akisikia lugha. Darasa la sanaa linamlazimu kuomba mkasi, na akikosea mwishio wa neno bado atapewa mkasi.

Tofauti yake na shule ya Jumamosi, ridna shkola, ni ya saa. Jumamosi ina saa mbili au tatu kwa wiki, na theluthi yake huliwa na kufika, kuvua makoti na kutulia. Inafaa kwa mtoto ambaye nyumbani tayari kuna lugha: humpa kusoma, kuandika, historia na jiografia. Kwa mtoto asiye na lugha nyumbani huzaa nyimbo na mashairi ya kukariri, basi. Mzazi akijua hilo mapema hatamlaumu mwalimu bure.

Mahali mpango wa nusu kwa nusu unapovuja ni uani. Mtoto anajua neno la Kiukraini la "bara" na "hali ya hewa", hajui la kumtania mwenzake. Ndiyo sababu kambi za kiangazi za vyama vya vijana kama Plast, chama cha skauti kilichoanzia Lviv mwaka 1911, hufanya kazi ambayo darasa haliwezi. Wiki mbili au tatu msituni, lugha moja, na jambo la kufanywa kila saa: kufunga hema, kupika, kuimba kwenye moto, kugombana. Kambi inayofaulu huwa na viongozi vijana wanaozungumza Kiukraini wao kwa wao hata watoto wakiwa wamelala; viongozi wakigeukia Kiingereza usiku, watoto hunusa, na asubuhi wameshajua.

Nyumbani, hila ya "sikuelewi, sema kwa Kiukraini" hufaa kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, halafu hugeuka vita. Baada ya hapo afadhali mzazi arudie kwa Kiukraini kile mtoto alichosema kwa Kiingereza, kisha aendeleze mazungumzo kwa swali linalotaka jibu refu kuliko ndiyo au hapana. Inachosha. Hakuna njia ambayo haichoshi.

Yai lenyewe

Pysanka inatokana na kitenzi kile kile pysaty, kuandika. Yai halichorwi, huandikwa. Isichanganywe na krashanka, ambalo ni yai lililochemshwa na kutiwa rangi moja, la kuliwa asubuhi ya Pasaka. Pysanka hailiwi. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi usioshikika. Aliyewahi kutengeneza batiki ataifahamu mara moja, kwa kuwa kanuni ni ile ile: nta huilinda rangi iliyo chini yake, na kazi hutoka rangi nyepesi kwenda nzito.

Chagua yai bichi jeupe, ganda laini, lisilo na ufa. Mulika kwa tochi uhakikishe. Yai lililochemshwa halishiki rangi sawasawa na mwishowe huoza. Liache lifikie joto la chumba, maana yai lililotoka kwenye friji hutoa jasho na nta haishiki juu ya maji. Lifute kwa maji yenye siki kidogo, usilisugue, kwani siki hula ganda, na usitumie sabuni. Kisha nawa mikono. Alama moja ya kidole yenye mafuta itaonekana mwisho kama doa lililokataa rangi. Mayai ya dukani yaliyooshwa kiwandani nayo wakati mwingine hutoka na mabaka. Wenye uzoefu hununua kwa mfugaji.

Rangi ni za unga, zisizo za chakula. Kila pakiti huyeyushwa kwa kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, ikapozwa kabisa, ikatiwa kijiko kikubwa kimoja cha siki. Ila ya machungwa: hiyo haitiwi siki. Rangi ikiwa bado moto huyeyusha nta na kazi nzima inaharibika. Chupa ziwe za mdomo mpana, zenye vifuniko. Rangi hukaa miezi.

Gawa yai kwa penseli laini: mstari mmoja kiunoni, miwili kutoka ncha hadi ncha, kisha uzigawe tena sehemu. Usifute kwa raba, huacha mafuta yake; mistari ya penseli itaondoka na nta. Kalamu ni kistka, kijiti cha mti chenye faneli ndogo ya shaba. Pasha faneli pembeni ya mwali wa mshumaa, chota nta ya nyuki, pasha tena, kisha andika ukilizungusha yai badala ya mkono. Nta ikidondoka tone, faneli ilikuwa imejaa kupita kiasi au moto mno. Tone halifutiki, ligeuze liwe nyota.

Funika kwa nta vyote utakavyotaka vibaki vyeupe, tumbukiza kwenye manjano dakika tatu hadi tano, kausha kwa kubonyeza tishu. Funika vya manjano. Kijani ni kidogo kila mara, hivyo hupakwa kwa kijiti au brashi pale kinapohitajika tu na kufunikwa. Halafu machungwa, ambayo pia husafisha kijani kilichobaki kisije kikachafua nyekundu. Nyekundu. Nyeusi mwisho, dakika kumi hadi kumi na tano. Yai sasa ni bonge jeusi baya ambalo anayeanza huliona limeharibika.

Lishike kando ya mwali, kamwe si juu yake, maana juu masizi hulitia weusi usiotoka. Nta iking'aa, futa kwa tishu safi, kipande kwa kipande. Paka vanishi, ikauke, ndipo utoboe na kulipuliza litoke kiini. Ukilitoa kiini mwanzoni litaelea kwenye rangi na itabidi ulizamishe kwa uzito. Ukiliacha zima, lisikae juani wala kwenye kabati lisilopitisha hewa. Gesi hujaa, hupasuka, na harufu yake haina mfano.

Sasa angalia: hakuna hatua hata moja hapo iliyohitaji Kiukraini. Mkono unafundishwa na jicho. Ndiyo maana yai limevuka vizazi vitano, na mji wa Vegreville huko Alberta una pysanka ya alumini inayozunguka kwa upepo tangu 1975, iliyobuniwa na mtaalamu wa kompyuta Ronald Resch. Ngoma ni hivyo hivyo. Vasile Avramenko alifika Kanada mwishoni mwa 1925 na kwa miaka michache akaeneza shule za ngoma nchi nzima. Hatua zake zinachezwa hata leo na watoto wanaohesabiwa mdundo kwa Kiingereza.

Kutia, kalenda na waliokuja 2022

Chakula cha usiku wa Krismasi, Sviata Vecheria, kina vyakula 12 visivyo na nyama wala maziwa, na cha kwanza ni kutia. Vikombe viwili vya ngano nzima hulowekwa usiku kucha na kuchemshwa kwa moto mdogo saa tatu hadi nne, mpaka punje zipasuke. Kikombe cha mbegu za popi, nyeusi na ndogo kama za mchicha, hulowekwa kwa maji moto na kusagwa mara mbili. Asali huja mwisho, kwa kuwa ikitangulia ngano hukataa kulainika. Popi ichanganywe siku ya kuliwa, maana kutia iliyokwisha kuchanganywa huchachuka upesi.

Siku yenyewe imekuwa mjadala. Kwa zaidi ya karne Krismasi ya Waukraini wa Kanada ilikuwa 7 Januari, na tofauti hiyo na majirani ilikuwa nusu ya utambulisho wao. Mwaka 2023 makanisa makuu ya Ukraini yalihamia 25 Desemba, na serikali ikahamisha sikukuu. Hivyo Kyiv imehama huku wajukuu wengi wa magharibi ya Kanada wakishikilia tarehe ya babu. Familia nyingine huandaa meza mara mbili.

Tangu uvamizi wa Februari 2022, karibu Waukraini 300,000 wameingia Kanada kwa viza za dharura. Baadhi wametoka mashariki na kusini ambako nyumbani walisema Kirusi, na sasa wanakigeukia Kiukraini kwa hiari. Madarasa yaliyokuwa yakihangaika kupata mtoto mmoja anayezungumza vizuri yamejaa. Makosa ya haraka ni mawili: kumgeuza mtoto mgeni kuwa mwalimu msaidizi, naye alihitaji kujifunza Kiingereza, au kuwatenganisha wenyeji na wageni, na kila kundi likarudi kwenye lugha yake uani.

Meza ya pysanka ndiyo mahali pazuri pa kuwaweka pamoja. Mila za Pasaka zilibanwa wakati wa Usovieti, hivyo mtoto wa Kharkiv anaweza kuwa hajawahi kushika kistka, wakati mwenzake wa Dauphin ameishika tangu miaka mitano. Mmoja ana mkono, mwingine ana maneno. Weka mshumaa mmoja kati yao, chupa moja ya kila rangi, na sharti kwamba kitu kinachoombwa kwa Kiingereza hakipitishwi. Maneno yanayohitajika kwa saa ya kwanza hayazidi kumi: yaitse ni yai, visk ni nta, svichka ni mshumaa, kisha zhovtyi, chervonyi, chornyi za rangi, na dai meni, nipe. Nyeusi iwekwe mbali na ukingo wa meza.